Kabla hujanunua Mercedes SEC: bati kwanza, injini baadaye

Anayekwenda kukagua Mercedes-Benz SEC kwa kawaida huanzia kwenye boneti. Injini yake ya V8 inawashwa, inaunguruma kwa upole, mnunuzi analainika, na kuanzia hapo kasoro zote za bodi anaziita vitu vidogo vidogo. Kwa gari hili huo ni mpangilio wa kujiumiza. Anza na bati, fuatisha vioo, raba na mapambo, na injini iwe ya tatu.

Sababu ni hii. SEC, kupe (gari la milango miwili) ambayo kiwandani inaitwa C126, ilioneshwa Frankfurt mwaka 1981 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1991. Zilitoka 74,060 tu, ilhali ndugu zake wa milango minne, S-Class za W126, zilipita laki nane. Injini, giaboksi, difu, breki na karibu kila kitu cha chini vinaingiliana na vya sedani, kwa hiyo vipuri vyake bado vinapatikana, vipya na vya kuchomoa. Milango, boneti, kifuniko cha buti, bampa, paa na vioo ni vya kupe peke yake. Hata umbali wa ekseli hadi ekseli ni wake: milimita 2,850, pungufu ya 85 ukilinganisha na sedani fupi. Injini iliyochoka itakugharimu pesa. Bodi iliyooza itakugharimu pesa na miaka ya kutafuta mlango mmoja.

Namba

Hii ni kazi ya dakika tano, na inaweza kukuokolea siku nzima. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na kabini. Huanza na WDB126, kisha tarakimu tatu zinazotaja aina: 043 ni 380 SEC, 044 ni 500 SEC, 045 ni 560 SEC na 046 ni 420 SEC. Tarakimu inayofuata ni 1 kwa usukani wa kushoto au 2 kwa usukani wa kulia. Magari yaliyouzwa Marekani yana mpangilio mwingine wenye herufi katikati, kwa hiyo usishtuke ukikuta WDBCA.

Linganisha na nembo ya nyuma. 560 na 420 zilianza kwenye maboresho ya 1985, basi "560 SEC ya 1983" ni nembo iliyobandikwa. Namba ya injini ya 560 huanza na 117968. Kuwa mwangalifu zaidi na magari yaliyopanuliwa fenda na kutajwa kuwa ni AMG, karakana maarufu ya kuongezea Mercedes nguvu: miaka ile karakana nyingi zilikuwa zikibadilisha SEC, na vifaa vya plastiki vya kupanua bodi viliuzwa kila mahali. Bila karatasi za kazi hiyo zenye namba ya chasisi hii hii, lipa bei ya SEC ya kawaida na uchukulie fenda pana kama maficho ya kutu.

Kilomita kwenye dashibodi zisikupumbaze. Gia za plastiki za odometa hupasuka na namba zinasimama huku mshale wa kasi ukiendelea kufanya kazi vizuri. Andika namba kabla ya kuendesha, uitazame tena baadaye. Uchakavu wa pedali ya breki, ngozi ya ubavu wa kiti cha dereva na ukingo wa usukani ni mashahidi wazuri zaidi.

Kutu, na mahali inapojificha

Kioo cha nyuma ndicho cha kwanza. Raba yake inakauka, maji yanaingia kwenye pembe mbili za chini, na bati linaoza chini ya raba kwa miaka kabla rangi haijavimba. Usiridhike na kutazama kwa nje. Fungua buti, vuta pembeni kifuniko cha ndani, ingiza kichwa na tochi, utazame juu kuelekea upande wa chini wa rafu iliyo nyuma ya kiti. Ukiona mistari ya kahawia inayoteremka, maji yameshapita. Papasa chini ya zulia la buti, hasa kwenye mashimo ya pembeni na pale tairi la akiba linapokaa. Kisha tazama ukingo wa kioo chenyewe: kimetengenezwa kwa tabaka, na tabaka zikianza kuachana hutokea ukungu mweupe kama maziwa unaoanzia pembezoni. Hausafishiki. Kioo kinabadilishwa, na kukitoa ndipo utakapojua ukweli wa fremu yake. Kutu hapa pekee inatosha kukufanya uage.

Baada ya hapo shuka chini. Kuanzia 1985 ubavu wa chini wa gari ulivikwa paneli za plastiki laini. Zinapendeza, lakini nyuma yake kuna kizingiti cha mlango ambacho hakuna anayekiona. Zina klipu, kwa hiyo muuzaji mwenye gari safi hatakataa utoe moja, au angalau uchungulie kwa chini. Sehemu nne za kuwekea jeki zina vifuniko vya mviringo: vitoe, ingiza kidole. Chuma kinatakiwa kiwe kikavu na kigumu. Ukitoka na vipande vya kutu vyenye tabaka, au ukakuta lami mpya nyeusi iliyopakwa juu juu, kizingiti kinaoza kwa ndani.

Fenda za mbele huoza kwenye ukingo wa tairi na nyuma ya taa kubwa, mahali matope yanapokaa. Hizo zinafungwa kwa bolti, si msiba. Ukingo wa matairi ya nyuma umechomelewa kwenye ubavu mzima, na huo ndio msiba. Pitisha vidole kwa ndani ya ukingo: unatakiwa uwe mwembamba na laini kote. Ukiwa mnene na wenye mabonde, ni puti.

Inua pia mazulia ya mbele, pande zote mbili. Chini yake kuna sponji nene inayoshika maji kwa miezi huku juu zulia likiwa kavu, kwa hiyo ibane kwa nguvu, usiiguse tu. Maji hutoka kwenye mifereji ya paa la kufungua iliyoziba, kwenye raba ya kioo cha mbele, au kwenye tundu la kupitishia maji ya kiyoyozi. Halafu toa kalio la kiti cha nyuma utazame bati la chini yake, na uinue betri uone kitako chake kama asidi haijakila.

Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo, na kwa gari hili kina thamani kuliko mashine ya kusoma kompyuta. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ipo kati ya mikroni 100 na 150 hivi. 200 hadi 300 ni rangi iliyorudiwa, jambo la kawaida kwa gari la umri huu. Ukifika 500 na kuendelea kuna puti chini. Pima paa kwanza ili upate msingi wa kulinganishia, kwa sababu paa ndilo bati lisilogongwa sana. Huna kipimo? Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa chembamba itakuonesha mahali inapokataa kushika.

Vitu ambavyo ni vya kupe tu

SEC haina nguzo ya katikati. Vioo vinne vikishuka, ubavu mzima unakuwa wazi, na ndiyo raha ya gari hili. Raha hiyo inabebwa na mota nne, reli zake na raba ambazo hazifanani na za sedani. Shusha na pandisha kila kioo mara mbili. Kioo kidogo cha nyuma kinatakiwa kipande hadi juu na kukutana sawasawa na ukingo wa kioo cha mlango. Pakibaki upenyo, utausikia kwenye kilomita 100 kwa saa kama filimbi, na utauona mvua ikinyesha. Wakati mwingine ni marekebisho tu. Wakati mwingine raba imekauka na kupasuka, na hapo tafuta kwanza kama raba hiyo inapatikana kabla hujaongea bei.

Milango ni mirefu na mizito. Ufungue robo, ushike kwa mwisho wake, uunyanyue taratibu. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelika. Uachie ujifunge kwa msukumo mdogo: wa SEC nzuri hufunga kwa mlio mmoja mzito, hauhitaji kubamizwa.

Sasa kaa kwenye kiti cha dereva, funga mlango, washa swichi. Kwa kuwa mkanda uko mbali nyuma ya bega, kiwanda kiliweka mkono wa umeme unaousogeza mbele hadi unapoufikia, kisha unarudi baada ya kufunga. Ndani yake kuna gia ndogo za plastiki. Sikiliza: ukisikia mota inazunguka na mkono hausogei, au unatoka nusu na kugugumia, gia zimekatika meno. Jaribu pande zote mbili. Gari linatembea bila mkono huo, ndiyo maana wengi hawautengenezi, lakini ni kipimo kizuri cha jinsi mmiliki alivyolitunza gari kwa jumla.

Mgongo wa kiti cha mbele nao una siri yake. Unafungwa kwa vakyumu, yaani mfyonzo wa hewa unaotoka kwenye injini. Mlango ukiwa wazi unatakiwa uachie ili abiria wa nyuma apite. Mlango ukifungwa, ujifunge. Usipofuata utaratibu huo kuna mpira unaovuja mahali fulani. Uvujaji wa namna hiyo hausumbui kiti tu: mfumo wa vakyumu ndio unaotumiwa pia na kiyoyozi na giaboksi kubadilisha gia kwa ulaini.

Mbao za dashibodi zilizopasuka vanishi zinarekebishika. Dashibodi yenyewe iliyopasuka ni kazi kubwa zaidi.

Injini: lazima iwe baridi

Mwambie muuzaji kabla ya kufika kwamba gari lisiwashwe. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, subiri au rudi siku nyingine, kwa sababu dalili mbili kubwa za V8 hizi hutoweka zikishapata joto.

Dalili ya kwanza ni moshi. Simama nyuma ya gari wakati mtu mwingine anawasha. Wingu dogo la buluu linalopotea ndani ya sekunde chache ni sili za vali zilizokauka; oili imeteremka usiku kucha. Hilo linarekebishika bila kushusha vichwa vya silinda. Moshi wa buluu unaoendelea ukikanyaga akseleta ni jambo jingine: ringi au silinda. Bloku hizi ni za aluminiamu na hazina silivu za chuma, hivyo silinda ikichubuka hakuna njia ya mkato ya kuirudisha. Moshi mweupe usiokoma pamoja na maji yanayopungua ni gasketi ya kichwa. Fungua mfuniko wa maji kabla ya kuwasha: yanatakiwa yawe na kulanti (dawa ya kupozea injini) ya rangi. Maji matupu ya bomba, yakitumiwa kwa miaka, hula aluminiamu kuzunguka njia za maji, na gasketi mpya haitapata mahali pa kukaa.

Dalili ya pili ni cheni ya taimingi. Ikikwaruza kwa sekunde moja mbili wakati wa kuwasha kisha ikanyamaza, tenshena (kikaza cheni) imechoka au cheni imelegea. Tatizo halisi mara nyingi si cheni yenyewe. Inapita kwenye reli za plastiki, na plastiki hiyo kwa joto la miaka mingi inageuka kahawia na kukatika kama biskuti. Kipande kikianguka kati ya cheni na sproketi, cheni inaruka meno, vali zinakutana na pistoni. Baadhi ya 380 za hadi 1983 zilitoka na cheni ya mstari mmoja, ambayo ndiyo dhaifu zaidi. Kama haina ushahidi wa kubadilishiwa ya mistari miwili, hesabu kazi hiyo kama ya lazima.

Kupima si kugumu kwa fundi anayejua. Anatoa kifuniko cha vali cha upande mmoja, anaichungulia reli kwa tochi, kisha anazungusha kranki kwa soketi ya milimita 27, upande wake wa kawaida tu, asirudishe nyuma hata kidogo, hadi alama ya kemshafti ilingane na alama ya kishikio chake. Hapo anasoma digrii kwenye puli ya kranki. Karibu na sifuri ni cheni nzuri, digrii 5 inavumilika, na ikikaribia 10 inabadilishwa pamoja na reli na tenshena. Anayebadilisha cheni akaacha reli za zamani amefanya nusu ya kazi ambayo ni rahisi. Wakati kifuniko kimetolewa, atikise pia vibomba vya kupeleka oili kwenye kemshafti: viungo vyake ni vya plastiki, vikilegea kemshafti inakauka na kulika.

Mlio wa tiki tiki unaoendelea injini ikiwa moto hutokana na kemshafti iliyolika hivyo au na lifta za vali. Usikubali maelezo ya "inahitaji oili nzito".

Geji ya oili mwisho wake ni bar 3. Injini baridi hukaa hapo juu. Ikipata moto na kuzunguka taratibu, mshale kushuka hadi bar 1 si tatizo, ili mradi ukigusa akseleta mshale unapanda mara moja. Ukipanda kwa uvivu, ondoka. Injini hizi hubeba karibu lita 8 za oili.

Kwa gari linalokaribia kununuliwa, lipia kipimo cha kompresheni kwenye silinda zote nane. Kinachotafutwa ni usawa: tofauti ya silinda moja na nyingine ikizidi bar 1.5, kuna la kueleza.

Neno moja la kutuliza: waya za injini zenye ganda linalopukutika ni ugonjwa wa Mercedes za nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. SEC hizi zilitoka kabla ya hapo. Mtu akikuambia wayaringi nzima lazima ibadilishwe, mwombe akuoneshe waya uliopasuka.

Barabarani na chini ya gari

Giaboksi ni ya otomatiki yenye gia nne. Ukiondoka taratibu kwa kawaida inaanzia gia ya pili, na ya kwanza inakuja ukikanyaga kwa nguvu. Wengi hudhani gia ya kwanza imekufa. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni haya: kutoka N kwenda D au R ikachelewa zaidi ya sekunde moja hivi kabla ya kushika, injini kupanda mzunguko ghafla kati ya gia ya pili na ya tatu, au ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) nyeusi yenye harufu ya kuungua. Gia zikibadilika kwa kishindo lakini ATF ni nyekundu na safi, shuku kwanza vakyumu au bushi za plastiki za kebo na fimbo ya gia. Hizo ni kazi ndogo, na muuzaji asiyejua huenda ameshapunguza bei kwa hofu ya giaboksi.

Pandisha gari kwenye lifti. Shafti ya kati inaungwa na diski za raba mbele na nyuma. Nyufa kati ya bolti maana yake ni kubadilisha, na kabla haijakatika utaisikia kama kishindo ukiachia na kukanyaga akseleta. Maunti za injini zikilala, gari linatetemeka likiwa limesimama kwenye D. Usukani unaocheza kidogo katikati ni wa kawaida kwa boksi la aina hii, lakini zaidi ya sentimita mbili tatu kwenye ukingo wake, kagua tairodi na bushi ya mkono wa pembeni kabla hujamruhusu fundi akaze boksi. Magari yenye mfumo wa kujisawazisha nyuma yana matufe ya gesi: ukibonyeza buti na gari likagoma kama jiwe, gesi imeisha.

Kiyoyozi kiwashwe mapema na kiachwe muda wote wa safari. Kikitoa joto tu, mara nyingi ni vali ya maji ya hita iliyopasuka kiwambo, kitu cha saa moja. Gesi ikivuja kwenye evapareta, dashibodi nzima inatoka. Taa ya ABS inayowaka na kuzima yenyewe huku injini ikitetemeka kwenye magari ya 1985 na kuendelea huelekeza kwenye rile ya kulinda umeme uliozidi, ile yenye fyuzi ya ampea 10 juu yake. Taa ya SRS (mfumo wa mifuko ya hewa) iwake ukifungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, mtu ametoa balbu.

Ukirudi, zima injini, kaa dakika 20 hadi 30, ndipo uwashe tena. Stata ikizungusha injini muda mrefu ndipo gari likawaka kwa kutetemeka, presha ya petroli imeshuka: akyumuleta ya mafuta au vali ya pampu, maana mifumo yote ya kupuliza petroli ya K-Jetronic na KE-Jetronic hutegemea presha hiyo ibaki ndani ya mabomba. Lisipowaka kabisa hadi lipoe, gonga rile ya pampu, kwani risasi zake za ndani hupasuka kwa joto. Wakati huo huo chungulia chini ya pua ya gari. Tone la ATF hutoka kwenye usukani wa pawa au mabomba ya kupozea giaboksi. Tone la kulanti katikati, nyuma ya feni, ni pampu ya maji, na ni afadhali itolewe siku ile ile cheni inapofanyiwa kazi.